Unene wa kitambaa hauzuii damu: tujadili matabaka ya gauni la leba

#1 FundiKirumba (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Kazi yangu ya kila siku ni sare za shule na makoti ya kazi, ila tangu 2020 napokea oda ndogo ndogo za magauni na aproni za zahanati na vituo vya afya. Uzi huu ni mrefu. Nauandika kwa mafundi wenzangu, kwa wauguzi, na kwa yeyote anayenunua mavazi haya kwa niaba ya watu wengine.

Wiki tatu zilizopita sista mmoja wa wodi ya wazazi alipita dukani akitoka zamu ya usiku. Alitoa kwenye mfuko gauni nililomshonea mwenyewe, limeshafuliwa, akaligeuza ndani nje na kulitandaza juu ya meza yangu ya kukatia. Sehemu ya tumbo palikuwa na doa la kahawia lililokataa kutoka. Kwa nje doa lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Kwa ndani, upande unaogusa mwili, lilikuwa limetanda ukubwa wa sahani. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Fundi, si uliniambia hili ni la matabaka mawili?"

Ni kweli nilimwambia hivyo. Tabaka la nje lilikuwa kitambaa kisichofumwa, kile kile cha mifuko mbadala tuliyoizoea tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019. Aliyeniuzia alisema ni kitambaa cha hospitali, nami sikuhoji zaidi. Tabaka la ndani lilikuwa pamba. Niliiweka ili sista asipate joto, tena nikiamini kwamba kitambaa juu ya kitambaa ni kinga juu ya kinga.

Lile doa kubwa la ndani ndilo lililonifungua macho. Utambi wa kibatari ni pamba, na kazi yake ni kupandisha mafuta ya taa bila mtu kuyasukuma. Mimi nilimvalisha sista utambi tumboni. Tone moja lilipofanikiwa kupita tabaka la nje, pamba ililidaka, ikalitandaza, ikavuta na mengine yaliyokuwa yamesimama nje. Ningeacha tabaka moja tu la nje, huenda doa lingebaki dogo.

Kitambaa cha mfuko nacho kina kasoro yake. Plastiki yake, polipropilini, haipendi maji: tone linakaa juu yake likiwa la mviringo, linabingirika. Kwa hiyo ukikimwagia maji kidogo dukani unaona yanateleza, unaridhika. Lakini kiinue dirishani. Utaona mwanga ukipita kati ya nyuzi, kwa sababu nyuzi zake ni nene, maikroni 15 hadi 25 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na nafasi kati yake ni kubwa zaidi. Maji yasiyosukumwa yanateleza. Yakisukumwa yanapita.

Kitambaa cha kweli cha kazi hii kina matabaka matatu yaliyogandishwa kwa joto. Nje na ndani ni zile zile nyuzi nene. Katikati kuna utando wa nyuzi za maikroni 1 hadi 5, zinazopatikana kwa kupuliza plastiki iliyoyeyuka kwa upepo wa moto mpaka inakuwa kama utando wa buibui. Unywele wa kichwani una maikroni kama 70, kwa hiyo pigeni picha wenyewe. Madukani kitambaa hiki kinaitwa SMS. Utando wa katikati ndio unaozuia, lakini hauna nguvu yoyote, ukiuvuta unakatika kama pamba ya dawa. Yale mawili ya pembeni yapo ili kuubeba na kuukinga usisuguliwe. Ukitaka kukijua, chukua kipande, bandika selotepu pande zote mbili kwenye kona, kisha vuta. Kikiachana ukaona utando mweupe laini katikati, ndicho. Kikibaki nyuzi nene peke yake, umeuziwa mfuko.

Sasa jaribio nililofanya, ambalo yeyote anaweza kulirudia. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki la maji lenye upana wa sentimita 5 kwa ndani, urefu wa mita moja. Nikafunga kitambaa mdomoni kwa chini kwa kukizungushia tyubu ya baiskeli iliyokatwa, nikaikaza sana. Bomba likasimamishwa wima, nikamimina maji taratibu kwa kikombe cha kupimia. Kwenye bomba la upana huo lita moja inapanda karibu nusu mita. Unatazama chini ya kitambaa. Tone la kwanza linaweza kuwa la bahati mbaya, la pili vilevile. Likitokea la tatu sehemu tofauti, hapo unasimama na kuandika urefu wa maji. Maabara nazo huhesabu tone la tatu.

Kitambaa cha mfuko hakikufika hata urefu wa rula ya shule. Nikakiweka viwili viwili nikitegemea urefu uongezeke maradufu. Uliongezeka kidogo tu. SMS niliyoazima kwa fundi mwenzangu ilivuka nusu mita. Halafu nikafunga kipande cha SMS hiyo hiyo chenye mshono wangu katikati. Maji yalianza kudondoka kabla sijamaliza kikombe cha pili.

Nawaachia hapo kwanza. Wauguzi, naomba mniambie mnalowa wapi hasa. Na mwenye elimu ya kemia anieleze kwa nini mbili hazikuwa mara mbili.

#2 ZamuYaUsiku

Fundi, asante kwa kuliandika hili bila kuzunguka.

Mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na moja leba. Wanaotushonea wanafikiri damu inaturukia kama mvua. Inaruka ndiyo, chupa inapopasuka kwa nguvu maji yanaweza kukufikia kifuani. Ila sehemu kubwa ya kulowa kwetu ni ya kuegemea. Unaegemea ukingo wa kitanda, tumbo lako limebana pale ambapo maji na damu vimeshatuama, na unakaa hivyo hivyo mpaka kichwa cha mtoto kitoke. Ukijaribu kurudi nyuma huwezi, mikono ina kazi. Hapo gauni halipigwi na matone, linakandamizwa.

Sehemu ya pili ni mkono, kuanzia glovu inapoishia mpaka karibu na kiwiko. Ukikagua kondo la nyuma au ukilazimika kuingiza mkono kulitoa, damu inatambaa juu kwa kufuata kitambaa. Ule mpira wa kubana kifundo mnaouweka kwa pamba unalowa wa kwanza, na ukishalowa unabaki umelowa mpaka mwisho wa zamu, umegusa ngozi.

Mgongoni silowi. Mgongoni nateseka na joto tu. Mgongo wangu mkiuacha wazi nitawashukuru.

#3 Mzee wa Busara

Mleta uzi, mbona unajisumbua? Shona gauni zima kwa plastiki ya turubai, hakuna kinachopita. Kazi kwisha.

#4 ZamuYaUsiku

Mzee wangu shikamoo. Naomba siku moja uvae plastiki kuanzia shingoni hadi magotini, mikono mirefu, ndani ya chumba kisicho na feni mwezi wa pili, usimamie uzazi unaochukua saa kumi na mbili. Jasho linashuka mpaka kwenye viatu. Sisi tunachofanya ni kuvua. Nimeona wenzangu wazuri, wenye moyo wa kazi, wanakunja mikono ya gauni la plastiki juu ya kiwiko kwa sababu ya joto, halafu wanaingia kwenye damu na mikono mitupu.

#5 KemiaUyole

Salaam wakuu. Nafundisha kemia sekondari Mbeya. Nitajibu swali la fundi, ila itabidi mnivumilie na tarakimu chache.

Maji yana ngozi. Ndiyo inayofanya tone liwe la mviringo, na ndiyo inayombeba yule mdudu anayetembea juu ya dimbwi. Kitaalamu ni mvutano wa uso, na kwa maji safi ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Kitundu kwenye kitambaa kisichopenda maji huziba kwa ngozi hiyo: maji yanajipinda mdomoni mwa kitundu yakakataa kuingia, mpaka uyasukume kwa nguvu ya kutosha. Kadiri kitundu kinavyokuwa kidogo, ndivyo nguvu inayotakiwa inavyokuwa kubwa. Kwa polipropilini, kitundu cha maikroni 10 kinaweza kubeba maji yenye kimo cha karibu sentimita 85 kabla ya kupitisha. Kitundu cha maikroni 100 kinabeba sentimita 8 na nusu tu. Uwiano ni huo huo moja kwa moja: tundu mara kumi, kinga moja ya kumi.

Sasa swali lako. Maji yakishapenya tabaka la kwanza yanajaza nafasi iliyopo katikati, na msukumo ule ule unahamia tabaka la pili. Tabaka la pili halipati nafuu yoyote eti kwa sababu la kwanza "limeshachukua lake". Kwa hiyo matabaka mawili ya kitambaa kimoja hayajumlishi nguvu zake. Lile nyongeza dogo uliloliona linatokana na jambo jingine: kitambaa chochote kina vitundu vichache vikubwa kuliko wenzao, na ni hivyo vinavyovuja kwanza. Ukiweka viwili, kitundu kikubwa cha juu mara nyingi hakikai sambamba na kikubwa cha chini. Unakuwa umeziba makosa ya kiwandani. Ndiyo sababu viwanda vingine huweka utando mwembamba mara mbili katikati badala ya mmoja mnene wa uzito ule ule.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo jaribio lako la bomba halikulionyesha, fundi. Umetumia maji. Damu ina ngozi dhaifu kuliko maji. Damu bandia ya kupimia mavazi haya hutengenezwa kwa makusudi iwe na milinyutoni 42 hivi, yaani imezidi kidogo tu nusu ya ile ya maji, na rangi yake nyekundu ni ya kuonyesha ilipopita. Spiriti ya kusafishia ngozi iko kwenye 22. Ngozi ya spiriti ni dhaifu kiasi kwamba hata polipropilini inailowanisha. Dondosha tone la spiriti kwenye SMS isiyowekwa dawa ya kufukuza vimiminika uone, linazama pale pale bila kusukumwa.

#6 FundiKirumba

Mwalimu, nimefanya sasa hivi. Nimedondosha maji, tone limesimama. Pembeni yake spiriti, imezama na kuacha duara jeusi kwenye meza chini yake. Kisha nikadondosha maji juu ya pale palipolowa spiriti, na maji nayo yakazama. Nimekaa nikilitazama lile duara kwa muda.

Kuhusu tarakimu zako za vitundu, naomba mafundi wote wasome hapa. Sindano namba 14 tunayotumia kila siku ina unene wa milimita 0.9. Hiyo ni maikroni 900. Kwa hesabu ya mwalimu, tundu la namna hiyo likibaki wazi linabeba maji kimo cha sentimita moja, basi. Uzi unaziba sehemu, ni kweli, lakini kama uzi wenyewe ni wa pamba tumerudi kwenye utambi. Mshono mmoja wa mkono, kutoka kwapani hadi kifundoni, una mamia ya matundu hayo. Tunanunua kitambaa cha nusu mita halafu tunakitoboa mpaka kinakuwa cha sentimita moja.

Na tatizo hili ni la zamani mno. Akina mama wanaoenda kujifungua wanaambiwa wabebe mpira, na wauguzi wakongwe wanauita makintoshi. Jina hilo ni la mtu, Charles Macintosh wa Glasgow huko Uskoti. Mwaka 1823 alipata hataza ya kuyeyusha mpira kwenye nafta, mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili na kuvigandamiza. Pamba nje, pamba ndani, mpira katikati: matabaka matatu, miaka mia mbili iliyopita. Makoti yake ya mwanzo yalikuwa magumu kwenye baridi na yakinata kwenye joto. Na yalivuja. Kitambaa hakikuwa na neno, ila mafundi cherehani waliyatoboa kwa sindano. Niliposoma hilo niliona aibu na faraja kwa pamoja.

#7 AtienoPedi

Hamjambo wote. Nasoma kutoka Kisumu, nashona pedi za kufua na wenzangu wanne. Sikutarajia kupata uzi kama huu.

Fundi, utambi unaoulaumu mimi ndio naishi nao. Kwangu tabaka la juu linatakiwa kupitisha haraka, la katikati linyonye na kushika, la chini lizuie kabisa. Juu naweka kitambaa cha manyoya laini ya poliesta, ambacho chenyewe hakishiki maji, kwa hivyo ngozi inabaki kavu. Katikati flaneli ya pamba mara tatu au nne. Chini kitambaa cha poliesta kilichopakwa utando wa poliyurethani, mwembamba, maikroni 25 hivi. Wengi tunakiita PUL. Ukibadilisha mpangilio wa vitambaa hivyo hivyo, vya bei ile ile, unapata kitu kinachovuja. Mpangilio ndio kila kitu.

Lakini mshono ndio ulinitesa mwaka mzima. Wateja walikuwa wanasema inavuja katikati, sio pembeni, na mimi sikuelewa maana PUL ilikuwa nzima. Siku moja nikaijaza maji na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona matone yamejipanga mstari mmoja, sawasawa kama shanga, juu ya mshono wa katikati niliokuwa napitisha ili flaneli isijikunje. Nilikuwa nimeutoboa utando kwa mkono wangu. Siku hizi nashona flaneli na kitambaa cha juu peke yake kwanza, mshono wote unaishia hapo, kisha naleta PUL mwishoni na kuishona kando tu. Na sitoboi kwa pini. Nabana kwa vibanio vya nguo, maana tundu la pini kwenye PUL halijifungi.

Upande unaong'aa, ule wa utando, ukae ndani ukitazama flaneli. Ukiuweka nje unachubuliwa na kufua.

#8 FundiKirumba

Dada Atieno, hilo la matone kama shanga limenipa jibu. Gauni langu lazima mshono usiwe kabisa mahali panapokandamizwa. Nakuja na mchoro mpya, nipe siku mbili.

#9 MuguziBeni

Ndugu zangu, amani kwenu. Mimi nilifanya kazi kwenye kituo cha matibabu ya Ebola huku Kivu Kaskazini, mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 na kuisha Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Niliyoyaona juu ya matabaka nitayasema kwa ufupi.

Tulivaa suti nzima, na juu yake aproni isiyopitisha maji. Shirika la Afya Duniani ndivyo lilivyoelekeza tangu 2014. Mwanzoni niliona aproni ni kuongeza joto bure. Baadaye nikaelewa kazi yake. Aproni ndiyo inayopokea: matapishi, damu, klorini ya kunyunyizia. Suti nyuma yake inabaki karibu kavu, na suti iliyokavu inafanya kazi yake vizuri. Tena aproni haina mshono hata mmoja mbele, ni kipande kimoja kilichokatwa. Kuivua ni rahisi, unaondoka na uchafu mwingi kabla hujagusa zipu.

Joto ni adui wa kweli. Ukizidisha saa moja humo ndani akili inapungua, na makosa ya kuvua ndiyo yanayoua. Jasho nalo linagandisha nguo mwilini. Nguo isiyogusa ngozi ikipitisha tone moja, tone linaweza kubaki kwenye nguo. Iliyogandamana na ngozi, tone limekufikia. Kwa hiyo yule sista anayesema mgongo uachwe wazi ana haki kabisa.

#10 Kijana wa Tandale

Nauliza, ile dawa ya kupuliza ya kuzuia maji kwenye viatu haiwezi kutumika? Unapuliza pamba, inakuwa haipitishi.

#11 KemiaUyole

Inaweza kwa muda, na ina gharama yake.

Dawa hizo hazizibi vitundu. Zinapaka nyuzi tabaka jembamba linalokataa vimiminika, tone lisilowanishe. Zile kali, zinazokataa hata mafuta na spiriti, zina florini. Ndizo zinazowekwa kwenye SMS nzuri za upasuaji. Tatizo ni kwamba kundi hilo la kemikali halivunjiki, linakaa kwenye maji na kwenye damu za watu. Moja yake, PFOA, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu, mwaka 2019, na Ufaransa imezuia nguo za kawaida zenye kemikali za kundi hilo kuanzia Januari 2026. Mimi nisingependa fundi apulize kitu hicho kwenye chumba kidogo chenye watoto wanaomletea chai.

Za nta hazina sumu hiyo, ila nta inatoka kwenye maji ya moto, na gauni la hospitali ni la kufua kwa maji ya moto.

Na kuna adui mwingine hamjamtaja: sabuni. Kazi ya sabuni ni kudhoofisha ngozi ya maji ili yaingie kwenye nguo. Gauni lisilosuuzwa vizuri linabaki na sabuni kwenye nyuzi, na damu inayofika pale inapewa njia. Dawa ya kulainisha nguo ni hivyo hivyo. Suuzeni mara tatu, na msitie kilainishi hata tone.

#12 Mnunuzi wa Kituo

Nipo upande wa manunuzi kwenye kituo cha afya, naomba niongeze ya karatasi.

Mkisikia gauni la "daraja la tatu" au "la nne", hayo ni madaraja ya kipimo cha Marekani, AAMI PB70. Daraja la kwanza linapimwa kwa kumwagiwa maji nusu lita kutoka juu na kupima karatasi iliyo chini imenyonya gramu ngapi: zisizidi 4.5. La pili gramu isizidi moja, na kitambaa kibebe maji ya kimo cha sentimita 20, kwa mtindo ule ule wa bomba la fundi. La tatu sentimita 50. La nne ni jambo jingine kabisa: kitambaa kinawekewa kimiminika chenye kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria, Phi-X174, chenye ukubwa wa maikroni 0.027, na kusukumwa kwa kilopaskali 13.8, sawa na maji ya kimo cha mita 1.4. Kirusi hata kimoja kikionekana upande wa pili, kitambaa kimeanguka. Ulaya wana chao, EN 13795, ambacho kwa kiwango cha juu kinadai sentimita 100 sehemu za hatari.

La kuzingatia kwa mnunuzi: daraja la gauni zima hufuata sehemu dhaifu ya eneo la hatari, mishono ikiwemo. Nimeletewa magauni yenye cheti cha kitambaa, kitambaa kweli kizuri, na mishono ya cherehani ya kawaida mbele kifuani. Cheti kile hakikuwa cha gauni. Siku hizi naomba kipande chenye mshono, na nitaanza kuomba na bomba.

Na kwa wale wanaosema pamba imetutosha miaka yote: tangu 1952 daktari wa upasuaji William Beck na mwenzake Collette, huko Marekani, walionyesha kwamba pamba ikilowa inaacha kuzuia bakteria. Tumejua muda mrefu.

#13 FundiKirumba

Wakuu, nimerudi. Zimekuwa siku tano badala ya mbili.

Mchoro wa sasa ni huu. Mbele ni kipande kimoja cha SMS kutoka shingoni hadi chini ya magoti, bila mshono wa kati wala mfuko. Zamani niliweka mfuko kifuani kwa ajili ya kalamu. Nimeutoa. Mishono ya ubavu nimeisogeza nyuma, iangukie karibu na uti wa mgongo, sehemu asiyoegemea mtu. Mkono haushonwi tena chini ya kwapa kushuka kwa ndani. Nimeukata ili mshono upite nyuma ya kiwiko. Mgongo ni kitambaa chepesi cha mfuko, kile kile nilichouziwa, kwa sababu pale kazi yake ni kufunika na kupitisha hewa, na kwa kazi hiyo kinafaa.

Juu ya tumbo, kipande cha pili cha SMS kimeshikwa juu tu, kwenye shingo na mabega, kinaning'inia kama aproni. Hakikugandishwa na cha chini, kina pengo la hewa. Hii nimeitoa kwa ndugu wa Beni. Pamba ya ndani imeondoka kabisa. Ribu ya kifundoni, yaani ule mpira wa kubana, nimebadilisha ya pamba nikaweka ya poliesta, na gauni lenyewe linashuka chini ya ribu hiyo kwa upana wa vidole vinne, glovu ipande juu ya SMS na isiishie kwenye ribu.

Mishono iliyobaki kwenye mikono nimeshona kwa sindano namba 11, uzi wa poliesta, hatua ndefu kidogo ili matundu yawe machache, kisha nikakunja na kubandika juu yake utepe wa joto, ule unaogandishwa kwa pasi. Hapa tahadhari: polipropilini inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Pasi ya pamba inaitoboa mara moja, nimeharibu mikono miwili. Pasi iwe ya chini kabisa na kitambaa chembamba katikati. Mashine ya kuchomelea kwa mitetemo ndiyo dawa, haitoboi hata tundu moja, ila bei yake siiwezi kwa sasa.

Mshono wenye utepe umefika kimo cha rula ya shule kwenye bomba. Bado ni chini ya kitambaa. Kwa hiyo siandiki daraja lolote kwenye gauni hili. Nimemwambia sista hivyo, na kwamba kwa upasuaji halifai, na kwa leba avae na aproni yake ya plastiki juu.

#14 AtienoPedi

Fundi, huo utepe ukiosha mara ngapi unashika? Wa kwangu ulianza kubanduka kwa kona. Kata ncha za utepe ziwe za mviringo, kona kali ndiyo inayoinuka kwanza.

#15 FundiKirumba

Nimeshakata duara dada, asante. Hili la SMS silifui, ni la kuvaa mara moja na kuchomwa. Nikipata poliesta iliyofumwa kwa kubana, ya kurudiwa, nitalifungulia uzi wake, maana pale lazima kila gauni lihesabiwe limefuliwa mara ngapi.

#16 ZamuYaUsiku

Nimelivaa jana usiku. Wazazi watatu, mmoja alivuja damu sana baada ya kujifungua, tukahangaika naye karibu saa nzima, yuko salama na mtoto pia.

Asubuhi nilivua nikaligeuza ndani nje kama nilivyofanya siku ile dukani kwako. Kile kipande kinachoning'inia kimelowa chote. Nyuma yake, kwenye gauni lenyewe, pana matone mawili upande wa nje, ndani hakuna kitu. Mkono wa kulia, mshono wa nyuma ya kiwiko ni mkavu. Mkono wa kushoto pana alama ndogo ya waridi, ukubwa wa punje ya mchele, pale ribu inapokutana na gauni kwa upande wa kidole gumba. Nimeikata sehemu hiyo, nimeiloweka kwenye klorini, nimeikausha na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Nikitoka kulala nakuletea, ili uone mwenyewe sindano ilipita wapi.